Mbele ya Mwenye Chumba

Mimi ni mkali, sikatai. Miaka kumi na tisa nimekuwa matroni wa bweni la wasichana chuoni, na bila ukali wale wasichana mia mbili na arobaini wangenipanda kichwani zamani. Kwa hiyo nilipokuta jiko la umeme chini ya kitanda cha Wakili, chumba namba thelathini na moja, sikujiuliza mara mbili. Nililibeba mwenyewe mpaka ofisini, waya wake ukiburuta ngazini.

Wakili hakusomea sheria. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kemia. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kijitabu cha kanuni za wanafunzi, ambacho kila mmoja hupewa siku ya kujiandikisha na wengi hukitumia kuzuia mlango usijibamize. Yeye alikisoma. Maji yakikatika, anakuja na ukurasa. Nikimfukuza mgeni wake kabla ya saa, anakuja na ukurasa. "Shikamoo mama. Samahani mama, lakini hapa wameandika..." Adabu tele, na kichwa kinaniuma vilevile.

Jiko bwenini ni kosa la kufukuzwa chuo, tangu nyaya za ghorofa ya pili zilipoungua. Wakili alikuwa amebakiza wiki tano afanye mitihani ya mwisho. Alisema jiko si lake. Chumba kile wanalala wanne, na wote walisema si lao. Nikamwambia, "Mwanangu, limekutwa chini ya kitanda chako, si changu."

Sasa nieleze tunavyokagua vyumba. Kila ukaguzi una fomu yake: namba ya chumba, siku, saa, halafu unaandika kwa mkono, "Ukaguzi umefanyika mbele ya mwenye chumba." Lakini nani ana muda wa kusubiri wasichana wote wale watoke madarasani? Jumapili, nikinywa chai, nilikuwa naziandika fomu za wiki nzima na sentensi ile ile, nasaini kabisa. Siku ikifika nachukua funguo naingia. Matroni aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, nami nikawafundisha wengine. Wallahi haikuwahi kunijia akilini kwamba ule ni uongo. Ilikuwa fomu tu.

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumatano asubuhi, watu saba na chupa zao za maji. Mwenyekiti, profesa asiyependa kucheleweshewa chakula cha mchana, alisoma fomu yangu, akamwuliza Wakili kama ana la kusema.

Nilitegemea machozi, au vijembe. Badala yake aliinuka akasoma kanuni: chumba cha mwanafunzi hakikaguliwi bila mwenyewe kuwepo, isipokuwa kwa moto au ugonjwa. Kisha akaweka mezani daftari la mahudhurio ya maabara. Siku ile, kuanzia saa tatu mpaka saa sita, alikuwa maabara, na fundi wa maabara alikuwa amesaini. Fomu yangu ilisema saa nne, mbele yake.

"Sina ugomvi na mama," akasema. "Naomba aulizwe swali moja tu. Nilikuwepo?"

Macho yote kwangu. Jamani, uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Ningesema alitoroka maabara dakika kumi, nani angebisha? Neno la matroni wa miaka kumi na tisa na la msichana mbishi, wangechukua lipi? Nikamtazama. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananisubiri tu, kama mtu asiye na shaka kwamba nitasema kweli. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

"Hakuwepo," nikasema. "Wala huwa hayupo hata mmoja. Fomu naziandika Jumapili."

Kesi ya jiko ikafia pale pale. Mpaka leo sijui lilikuwa la nani. Lakini mwenyekiti alikuwa amepandwa na hasira, akanigeukia mimi. "Miaka yote hii unatuletea uongo? Katibu, andika: matroni anafukuzwa kazi kuanzia leo."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wasichana wangapi nilikuwa nimewaleta mbele ya kamati ile, nikawaona wanatoka wakilia, nikarudi bwenini nikala nikashiba? Nikainama kutafuta mkoba wangu, nione aibu yangu mwenyewe nikiwa nje.

"Samahani, mwenyekiti." Wakili bado alikuwa amesimama. Angeweza kuondoka, mlango ulikuwa wazi, na mitihani yake sasa ilikuwa salama. "Mama alikuja hapa kama shahidi. Hajaandikiwa kosa lake, hajapewa siku za kujitetea. Hamwezi kumhukumu hivi."

"Kanuni zako hizo ni za wanafunzi!" mwenyekiti akafoka.

"Basi mwazimeni hizi," akajibu, "mpaka mpate zake."

Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti akafunga faili, akasema nitaandikiwa barua. Wakili hakumsikiliza tena. Alikuwa anavuta kiti kilichokuwa kando yake.

"Njoo ukae hapa, mama," akasema. "Hairuhusiwi mtu akae peke yake upande huu wa washtakiwa."

Nikaenda nikakaa, mimi matroni mzima, nikalia mbele ya kamati.