Sauti ya Ottie Kinywani mwa Clell

Jumatatu asubuhi Clell Ratliff aliingia dukani kwa Hobart, akaagiza, kwa sauti ya dada yake Ottie, mafuta ya taa na tumbaku ya kutafuna. Hobart alipima mafuta, akauliza Ottie anaendeleaje. Clell akajibu kwamba hajambo, ila hasemi. Ulikuwa mwezi wa nne sasa tangu sauti ihame, na bonde zima lilikwisha kuzoea.

Mambo yalianzia mjini, kwenye ghala la kofia ambako watu wa santuri walikuwa wamefunga mitambo yao ya kurekodi nyimbo. Wimbo ulikuwa wa Ottie. Aliutunga mwaka aliomwacha mumewe, Burl, aliyekuwa akimpiga. Aliondoka na gitaa, akaacha maharage yakiungua jikoni, na yote hayo aliyatia wimboni bila kuyapamba. Bwana wa santuri alipouliza mtunzi ni nani, Clell aliwahi kusema, "Mimi." Kisha akamwambia dada yake asimame nyuma, karibu na mlango, apige gitaa tu, na yeye mwenyewe akaimba. Alijiambia kwamba anamsitiri, maana mwanamke aliyemkimbia mume husemwa mpaka anazikwa. Uongo mtupu. Alitaka jina lake kwenye santuri, na akalipata.

Kesho yake alifungua kinywa awaite nguruwe, ikatoka sauti ya Ottie. Ottie naye alifungua chake, hakikutoka kitu. Akakifunga, akaendelea kumenya viazi. Tangu siku hiyo huwaita watu mezani kwa kugonga sufuria.

Hakumlaumu kaka yake hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomtafuna Clell. Kila alipoomba chumvi, alimsikia dada yake akiomba chumvi. Santuri nayo ikapendwa. Wanawake walimsimamisha njiani wakamuuliza amejuaje yaliyo mioyoni mwao, naye akawashukuru kwa sauti iliyoyajua.

Jumapili moja akashindwa kuvumilia. Kanisani kwao wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto, na wanawake hawasemi mbele ya kusanyiko. Mahubiri yalipokwisha, Clell alisimama, kofia mkononi.

"Ule wimbo si wangu," alisema. "Ni wa Ottie. Nilimwibia."

Sauti ilisikika vizuri hadi benchi la mwisho. Wanaume walitazama viatu vyao. Mchungaji Tackett, ambaye ndiye aliyembatiza mtoni, aliongea naye kwa upole.

"Clell, mwanangu, taratibu zetu unazijua. Sauti ya mwanamke haisemi humu ndani. Kaa."

"Lakini mzee, ni mimi ninayesema."

"Nakusikia. Ndiyo maana nakwambia ukae."

Katibu wa kanisa alipangusa kalamu yake, akafunga kitabu cha kumbukumbu bila kuandika neno. Clell aligeukia benchi lake. Hakuna mwanamume aliyempisha. Upande wa pili Ottie alikusanya sketi yake, akasogea kidogo. Clell akavuka, akaketi katikati ya wanawake, kofia magotini, akafunga kinywa kama wao.