Picha Kubwa za Babu Filipo

Ukoo wetu haujui kusema basi. Nilitangaza kwamba mwisho wa kupokea picha ni Jumapili. Jumatatu asubuhi shangazi Evelina akatua na bahasha nyingine pale stesheneri kwangu Chang'ombe, akakalia kiti cha wateja na kudai soda.

Picha zilikuwa za kitabu cha babu yetu, Mzee Filipo wa Kibakwe. Presha ya macho ilishamla jicho moja, na la pili daktari alisema halitamaliza kiangazi. Babu alitaka jambo moja tu, awaone watu wake wote kabla giza halijafika. Mimi, kwa kiherehere cha kozi yangu ya kompyuta, nikasema nitaandika programu ndogo ya kuzipanga, kila picha na ukurasa wake, zitoke PDF moja ya kupeleka kwa mchapaji Kizota.

Nilijuta! Programu ilianza vizuri, ikifika katikati inaganda, na ile kompyuta ya mtumba inazima. Naanza upya, inaganda tena. Nikailaumu bahasha ya shangazi, nikaulaumu umeme, nikaipiga mashine kofi.

"Si uzipunguze tu hizo picha?" kaka yangu Seth akasema, miguu juu ya meza yangu. "Ziwe ndogo ndogo, mbona rahisi."

"Ndogo Babu atazionaje? Una akili wewe?"

Akashusha miguu.

Jibu nililipata kwenye harusi ya jirani, nikisubiri chakula. Waliokwisha kula walikuwa bado wamejaa mkekani wanapiga soga, na sisi wenye njaa tumesimama. "Si wanawe mikono, waondoke!" nikafoka. Papo hapo nikajiona mjinga. Programu yangu ilikuwa ikifungua picha, ikiiweka kwenye ukurasa, kisha inaiacha imekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inafungua nyingine, mpaka nafasi inakwisha. Nikarudi dukani na njaa yangu, nikaiandika upya: fungua moja, iandike kwenye faili, ifunge, ndipo uite inayofuata. Ikafika mwisho bila hata kukohoa.

Kitabu kilipochapwa, mimi na Seth tukakipeleka Kibakwe, tukamkuta Babu ameketi mlangoni, penye mwanga.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Yasinta."

Nikamwekea kitabu mapajani, kizito kama tofali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa bibi yetu Hana, tuliyemzika mwaka wa njaa. Babu akakisogeza mpaka puani, akatazama. Chai ikaletwa, ikapoa, yeye bado anatazama. Uvumilivu ukanishinda.

"Babu, funua basi. Wako wengi, hata shangazi yumo."

"Najua wako wengi."

"Sasa si uwaone, maadamu jicho bado linaona?"

"Hao nitawajua kwa sauti," akasema.

Hakufunua.