Kopo Jeusi la Fundi Makochi

Kopo lilitangulia kuingia nyumbani, maelezo yakafuata baadaye, tena nusunusu. Lilikuwa jeusi, kubwa kama ndoo ya rangi, na ubavuni lilikuwa na picha ya mwanamume asiye na shingo. Mwoka mikate alilikuta limesimama kwenye kabati lake, kati ya sukari na majani ya chai, akaona kama mgeni amehamia bila kupiga hodi.

"Nini hicho?" akamuuliza mumewe.

"Unga wa protini. Chuma kaniambia bila huu nanyanyua vyuma bure. Misuli inataka matofali, mama watoto."

Chuma ndiye mwenye ukumbi wa mazoezi nyuma ya karakana ya mumewe. Jina hilo alijibandika mwenyewe, na mwoka mikate hakuwahi kumwamini mtu aliyejipa sifa kabla watu hawajampa. Mumewe naye alikuwa fundi makochi, mtu wa kukaa: anakaa kushona vitambaa, anakaa kupigilia misumari, akimaliza kochi analikalia kulijaribu, na hapo ndipo usingizi unapomchukua. Sasa ghafla, kila jioni, mbio kwenye vyuma. Anarudi kalowa jasho, anajitazama kwenye kioo mbele na nyuma kama bi harusi.

Mwanamume mwenye binti aliyekwisha olewa, kifua ni cha nini? Cha kumwonyesha nani? Mkewe aliyakanda maswali hayo pamoja na unga kila alfajiri. Mikate iliumuka vizuri, na wasiwasi nao ukaumuka.

Dada yake hakumsaidia. "Shemeji kaanza kujipenda," alisema huku akijichagulia mkate wa moto. "Mimi simo. Ila fungua macho."

Lakini kopo lenyewe ndilo lililomkosesha raha zaidi. Karatasi iliyopaswa kuziba mdomo wake ilikuwa imeshabanduliwa kabla halijafika nyumbani. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua. Na baba mkwe wake alikufa kwa figo. Yeye ndiye aliyemuuguza mzee yule, akamgeuza kitandani, akamfuta jasho, na hakutaka kurudia kazi hiyo kwa mumewe.

Siku moja alimuuliza habari za unga ule muuguzi aliyezoea kununua mikate kwake.

"Mtu anayekula vizuri, mayai, maharage, samaki, kwa mazoezi ya kawaida hana haja nao," muuguzi akasema. "Wapo wanaofaidika, asiyepata chakula cha kutosha, kwa mfano. Lakini kopo ulilolikuta limefunguliwa? Na kwao kuna ugonjwa wa figo? Mimi nisingeligusa kabla ya kupima."

Alimwambia mumewe. Mumewe akacheka, akasema wanawake bwana, mwanamume akipendeza kidogo tu, nongwa. Neno hilo lilimchoma. Basi siku hiyohiyo, fundi alipotoka, mkewe alimwaga unga wote chooni, akaosha kopo, akalikausha. Kisha akachanganya maziwa ya unga na soya iliyokaangwa, akatia kakao na vanila kidogo, akachekecha mara mbili mpaka rangi ikafanana kabisa. Kama kuna kitu alichokijua duniani, ni unga.

Asubuhi fundi alitikisa kichupa chake, akapiga funda moja. Akasita. Akamtazama mkewe, akatazama kopo, akamtazama mkewe tena.

"Leo mzito," akasema.

"Labda hukutikisa vizuri."

Tangu siku hiyo akawa anatoka na kichupa mkononi. Eti atakunywa baada ya mazoezi, Chuma kasema ndio wakati mzuri. Mkewe aliona ajabu, lakini mwenye siri haulizi sana.

Na fundi akazidi kujaa! Mabega yakapanuka, tumbo likarudi ndani, kochi la watu watatu akawa analinyanyua upande mmoja peke yake. Mkewe alicheka na oveni yake. Protini ya Chuma ipo chooni, hicho kifua ni cha maziwa na soya. Angetamani kumwambia, lakini angeanzia wapi?

Kisha wakaja sisimizi.

Alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana karakanani akawaona, msafara mzima, unapanda ukuta wa nje mpaka dirishani na kuingia kwenye sponji za makochi. Akainama, akanusa. Vanila. Kakao. Moyo ukamlipuka. Kumbe kuna mtu anamletea keki! Na si mtu tu, ni mwoka mwenzake, mwenye oveni, mwenye mkono! Kama angekuwa muuza maua asingeumia vile. Aliweka chakula mezani, akaenda zake, na njiani machozi yakamtoka mbele za watu.

Wiki ile Chuma aliwaalika wateja na jamaa zao ukumbini. Ukutani alikuwa ametundika picha mbili za fundi, moja ya tumbo la zamani, nyingine ya kifua cha sasa, na katikati yake amesimamisha kopo jeusi. Chini, mezani, makopo mengine yalisubiri wanunuzi. Mwoka mikate aliketi nyuma, anakagua mikono ya kila mwanamke anayeingia, anatafuta alama ya kuungua ya oveni kama zile zake.

"Fundi, simama!" Chuma akapaza sauti. "Waambie ndugu zako nini kimekujenga."

Fundi akasimama. Akakuna kichwa. Akatazama viatu vyake. Pembeni mama mmoja mwenye mwili mwembamba, aliyesikika akisema ametoka kuumwa, alikuwa tayari ameshika kopo kifuani. Mwoka mikate alimwona, akamkumbuka baba mkwe wake, na kiti kikamshinda.

"Mama, rudisha hilo kopo," akasema. "Mume wangu hakujengwa na huo unga. Niliumwaga. Alichokunywa ni maziwa na soya, nimechanganya kwa mikono yangu."

Ukumbi ukaguna. Chuma akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Shemeji anatania."

"Hatanii," fundi akasema taratibu. "Nilionja siku ya kwanza nikajua si wenyewe. Lakini na mimi niseme ukweli. Huo wake nao sikuunywa. Kila siku nimemwaga dirishani."

Dirishani! Sisimizi wote wakapita kichwani mwa mkewe kwa mstari. Keki zikatoweka, mwoka mwenzake akatoweka, akabaki mumewe peke yake.

"Ukaumwaga? Kwa nini?"

Fundi akashusha sauti, lakini kila mtu alisikia. "Nilidhani umenitilia dawa ya mapenzi. Limbwata."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akashika ukuta. Mama yule mwembamba akarudisha kopo mezani, akajifuta mikono kwenye nguo. Mwoka mikate peke yake hakucheka. Mimi nilimuuguza baba yako, aliwaza, na wewe unanihofia kikombeni.

Wakarudi nyumbani. Karibu na mlango fundi akasema, "Nilishindwa kunyanyua kochi. Mteja akanisaidia, ananiita mzee. Basi. Ndiyo sababu ya vyuma."

"Ungesema."

"Na wewe ungesema."

Asubuhi alimpikia mayai na maharage, sahani iliyojaa. Fundi akavuta kiti. Akashika kijiko, akasita, kitambo kidogo tu, kiasi ambacho mgeni asingekiona. Mkewe alikiona. Kilimuuma kuliko kicheko chote cha ukumbini. Akanyoosha mkono, akachota kwenye sahani ileile, akatafuna mbele yake, akameza.

Fundi akainamisha kichwa, akala.

Kesho yake alipomwekea sahani, mkewe alikuwa ameshachukua kijiko chake cha kuonjea. Fundi akakishika kile kijiko, akakichomoa taratibu vidoleni mwake, akaanza kula nacho.