Bendera Nyekundu Juu ya Kipara

Theluji ya kwanza mwaka huo ilikuja Jumanne, ikapigwa picha, ikaondoka Jumatano kabla ya chakula cha mchana. Iliyobaki ni ile iliyosukumwa na upepo ndani ya korongo la nyuma, kusikofika jua, mahali pasipofaa kuteleza mtu yeyote ila sungura. Kwenye mteremko wenyewe zilibaki nyasi za njano, mawe, na mavi ya kondoo yaliyokuwa yamekaa pale kwa heshima zake tangu Machi.

Selloane aliyatazama yote hayo akiwa ameshika fimbo yake ya kupimia. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mteremko. Katika kituo kile cha kuteleza alianza kwa kuosha vikombe, na baada ya misimu kumi na miwili hakuna aliyeijua mizinga ya theluji, ile mitambo inayopuliza maji yakawa theluji, kumshinda. Alijua ni upi unaokohoa, upi unaoganda pua, na upi haufanyi kazi mpaka utukanwe kwanza.

"Ngapi?" aliuliza Kobus, meneja mpya. Alikuwa ametoka mji wa Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka, mwezi mmoja tu uliopita, mtu mrefu, masikio mekundu, asiyevaa kofia.

"Sifuri, Ntate. Ukihesabu mavi, sentimita mbili."

Kobus hakucheka, ingawa aliitwa Ntate, yaani baba, kwa heshima zote. Mwenye kituo alikuwa amempigia simu asubuhi ile. Ukanda wa theluji usipofunguliwa Jumamosi saa nne, ataletwa fundi mwenye vyeti kutoka Bloemfontein ashike nafasi ya Selloane, na Selloane arudi jikoni. Kobus alimweleza hayo akitazama viatu vyake mwenyewe. Aibu hiyo Selloane aliiona, akamshukuru moyoni, maana wapo wanaokuambia habari kama hizo huku wakitafuna.

"Baridi itakuja kesho," alisema Selloane. "Jumamosi utateleza."

"Simu yangu inasema baridi ni Jumapili."

"Mlima haujawahi kuisoma simu yako, Ntate."

Na kweli, Ijumaa alfajiri baridi iliteremka, nyuzi sita chini ya sifuri, kavu, bila upepo. Selloane aliiwasha mizinga yote tisa, akautukana ule wa saba, nao ukaitikia. Alishinda siku nzima kwenye chumba cha pampu na wenzake watano. Mara mbili alikuta chupa ya chai ya moto mlangoni, na kikombe kimefunikwa kwa glavu ili kisipoe. Glavu zilikuwa za Kobus. Yeye mwenyewe alipita mikono ikiwa mfukoni.

Jioni ukanda ulikuwa mweupe kutoka juu mpaka chini, isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya mteremko kuna jiwe pana linalopigwa na jua, na wafanyakazi hupaita Kipara. Hata ukikimwagia nini, Kipara kinayeyusha. Hata hivyo Selloane aliuelekeza mzinga wa saba pale, akaenda kulala na viatu miguuni.

Asubuhi ya Jumamosi, saa moja na nusu, alitoka nje akakuta watu.

Hawakuwa wageni wa kuteleza. Walikuwa wamejifunga mablanketi, wana mabeseni, magunia na visu. Wengine walikuwa bado wanateremka kutoka upande wa kijiji cha Ha Sekhonyana juu ya farasi, na wengine wamepiga foleni safi kabisa kando ya ukanda, kama sitini hivi. Mbele ya wote alisimama 'M'e, yaani Mama, 'Malikopo, bibi wa miaka sabini, beseni kubwa kichwani.

"Khotso, 'M'e," Selloane alisalimia. "Kuna nini?"

"Khotso, mwanangu. Unatuuliza sisi? Paja ni kiasi gani?"

"Paja la nani?"

'Malikopo alinyoosha kidole juu. Selloane akageuka, na moyo ukamshuka mpaka kwenye soksi. Kipara kilikuwa bado wazi, cheusi, kinang'aa kama chungu. Kukizunguka pande zote zilisimama bendera tano nyekundu juu ya mianzi mirefu, zikipepea ili vijiji vitatu vizima vizione.

Upande huu wa mpaka kila mtoto anajua kwamba penye bendera nyeupe kuna pombe ya mtama, penye kijani kuna mboga, na penye nyekundu mtu amechinja na anauza nyama. Kila mtoto, ila Kobus.

Alikuja mbio, jasho kwenye baridi. "Ni za kuonya! Nilizisimika jana jioni. Nyekundu ni hatari!"

"Hatari gani?" aliuliza 'Malikopo. "Nyama imeoza?"

"Hakuna nyama, Bibi."

Kisha akacheka mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, Ntate Ralitapole, aliyekuwa bado juu ya farasi.

"Bendera tano na hakuna nyama! Mimi nikitweka moja bila nyama, mke wangu anahama. Huyu katweka tano. Huyu ni mwongo wa jumla, hauzi rejareja."

"Na ile nyeupe iko wapi?" aliuliza mwingine nyuma. "Nyama bila pombe ni msiba."

"Huoni?" akasema Ralitapole, akionyesha ukanda wote. "Wametandaza nyeupe mlima mzima. Mimi nilidhani wamepika pombe ya kutosha mpaka Krismasi, ndiyo maana nimekuja na farasi wa kunirudisha."

Walicheka, lakini hawakuondoka. Wengine walikuwa wametembea saa mbili. Na kadiri walivyojisogeza ili waone vizuri, ndivyo walivyokanyaga pembezoni mwa ukanda. Farasi mmoja alikwisha kuacha alama yake juu ya theluji ya Selloane, ya kijani, yenye mvuke. Basi la wageni lingefika saa nne. Kobus alifungua mdomo awafukuze.

"Subiri, Ntate," Selloane alimwambia kwa sauti ya chini. "Ile nyama ya sherehe ya ufunguzi ni kiasi gani?"

"Kondoo wawili. Wapo kwenye friza, wamekatwakatwa tayari. Lakini ni ya wageni!"

"Ulitweka bendera. Nyama ni ya hawa. Na tazama mikononi mwao."

Kobus alitazama asione kitu. Selloane aliona mabeseni. Kwa siku nne alikuwa akiifikiria ile theluji ya korongoni, ya kufika magotini, kavu kama unga, mahali mashine haiwezi kuingia kwa sababu ya mawe, na watu sita hawawezi kuihamisha hata kwa wiki. Hapa walikuwa watu sitini na vyombo vyao.

Akapanda juu ya kreti ya soda.

"Wazazi wangu! Bendera haikudanganya. Nyama ipo, kondoo wawili, na haiuzwi. Leo ni letsema. Tunafanya kazi pamoja, kisha tunakula pamoja, kama tunavyolimiana mashamba. Theluji iko kule korongoni. Naitaka pale penye bendera, kabla ya saa nne."

"Tulime theluji?" aliuliza 'Malikopo.

"Tuibebe, 'M'e."

"Mume wangu alinibebesha maji, kuni, na mama yake. Theluji hakuwahi." Bibi alilishusha beseni, akaligonga chini mara mbili kulisafisha. "Haya. Lakini shingo ya kondoo ni yangu. Asiyesikia akaoshe masikio."

Wakapanda. Selloane aliwapanga mistari miwili kutoka korongoni mpaka Kipara, beseni kutoka mkono hadi mkono, mtu asikanyage ukanda. Wanawake walianzisha wimbo wa kazi, wanaume wakaitikia kwa sauti nzito za chini. Ralitapole alijiteua msimamizi, akabaki juu ya farasi akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, mpaka 'Malikopo alipomwambia kwamba hata farasi anaona haya. Akashuka, akabeba magunia mawili mawili.

Kobus naye alisimama kwenye mstari. Hakuwa na glavu, maana hazikuwa zimerudi tangu jana, na vidole vilikuwa vimeanza kugeuka rangi. 'Malikopo aliviona. Kisha akajifungua kitambaa cha kichwa, akamfunga Kobus masikio mawili na kidevu, fundo juu ya utosi.

"Mwongo ni mwongo," alisema, "lakini masikio hayana kosa." Akampa na glavu zake za sufu, yeye akavuta mikono ndani ya blanketi.

Walimwaga, wakashindilia kwa miguu, wakamwaga tena. Saa nne kasoro dakika kumi Selloane alichoma fimbo yake katikati ya Kipara. Sentimita ishirini na nne. Kituo hakifungui chini ya thelathini.

"Ngapi?" aliuliza Kobus chini ya kitambaa.

Selloane angeweza kusema thelathini, hakuna ambaye angechimba. "Ishirini na nne," alisema. "Bado."

Saa nne ikapita. Basi la wageni likaegeshwa chini, watu wakashuka na mbao zao za kutelezea begani, wakasimama wakishangaa mstari wa mablanketi na mabeseni. Mmoja wao, mama mnene mwenye miwani ya kioo cheusi, aliuliza kama ni maonyesho. Aliposikia ni kazi aliweka mbao chini, akaivua kofia yake ngumu, akaijaza theluji na kuingia kwenye mstari. Wengine wanane wakamfuata.

Saa nne na dakika ishirini na tano fimbo ilisoma thelathini na moja.

Kobus alipanda kileleni kujaribu. Alishuka na kitambaa chake cha maua kikipepea nyuma, akapita juu ya Kipara, na wote walitega sikio kusikia chuma cha pembeni mwa mbao zake kikikwaruza jiwe. Hakikukwaruza kitu. Watu wakapiga vigelegele. Ralitapole alitaka kujua kama huko chini alikokimbilia kwa kasi vile kulikuwa na ndugu mgonjwa.

"Hapana, Ntate," alisema Selloane. "Sasa atavutwa na kamba arudi juu, kisha ashuke tena."

"Kwa hiari yake?"

"Na wageni wanalipia."

Mzee alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Kobus alifika chini akihema, akatoa simu, akampigia mwenye kituo palepale mbele ya Selloane. Alisema ukanda umefunguliwa kwa kuchelewa dakika ishirini na tano. Akasikiliza. Akasema kuchelewa huko ni kwake yeye, alisimika bendera mbaya, na aliyeufungua ni Selloane. Akasikiliza tena kwa muda mrefu zaidi, akichimba theluji kwa ncha ya kiatu.

"Hapana," alisema mwishowe. "Huyo wa vyeti mwambie abaki Bloemfontein. Kazi ina mtu."

Alipokata simu, Selloane alimsogelea. Alimfungua fundo la utosini, lililokuwa limeganda, akalifunga upya vizuri zaidi. Kutoka jikoni harufu ya mafuta ya kondoo ilikwisha kuanza kupanda mlimani, na sauti ya 'Malikopo ikasikika ikiuliza ni nani huyo aliyegusa shingo.