Upande B wa Bendi ya Matuta

Simu aliyoisubiri Beda kwa karibu miaka ishirini ilimkuta juu ya paa la mteja huko Mabwerebwere, akifunga koki ya tangi la maji.

"Shikamoo, mzee. Naongea na Beda wa bendi ya Matuta?"

Hilo "mzee" lilimchoma kidogo, lakini "wa bendi ya Matuta" likamponya papo hapo. Akaitikia marahaba kwa sauti nzito ambayo hakuwahi kuitumia kwa wateja wa mabomba.

Binti alijitambulisha kwa jina la Yusrah, kutoka Morogoro. Alikuwa na kipindi mtandaoni cha kufufua bendi zilizosahaulika. Beda hakulipenda neno hilo, ila alilivumilia, kwa kuwa ukweli ni kwamba Matuta hawakuwahi kufika hatua ya kusahauliwa. Ili mtu akusahau, lazima kwanza awe amekufahamu.

Walikuwa watatu tu. Beda alipiga gitaa na kuimba, Nassir alipiga ngoma, Hildegarda alipiga besi. Walipiga roki katika mji ambao haukuwa umeiomba. Jina walilitoa kwenye matuta ya barabara inayokatiza mbuga ya Mikumi, kwa sababu Beda alidai muziki wao unamlazimisha mtu apunguze mwendo. Wasikilizaji wengi waliongeza. Hata hivyo, mwaka 2005 wimbo wao mmoja ulichezwa redioni kwa wiki mbili, na tangu hapo Beda aliishi mjini Kilosa kama mtu aliyestaafu umaarufu.

"Huo wa redioni ninao," Yusrah alisema. "Nataka vile ambavyo watu hawavijui. Demo, nyimbo mlizoiga za wenzenu, zile za upande B."

Beda angeweza kumwambia kwamba hata upande A watu hawakuujua. Badala yake alisema, "Zipo nyingi," akashuka ngazi akiwa ameisahau koki, maji yakimwagika nyuma yake.

Walikutana Jumamosi asubuhi Mikumi, kwenye duka la Nassir la spea za malori, maana Nassir ndiye aliyebaki na deki inayocheza kaseti. Beda alifika na boksi la kaseti kumi na moja, amevaa koti la ngozi ambalo zipu yake ilikuwa imekata tamaa na tumbo lake. Jua la Mikumi halikumwonea huruma. Ndani ya basi alikuwa ameandaa majibu ya mahojiano, likiwemo la kwa nini bendi ilivunjika: "Tofauti za kisanaa." Kwa kweli Hildegarda alichoka kunyamazishwa, akaweka besi chini na kwenda kulima miwa Kidodi.

Kaseti ya kwanza ilikuwa gitaa la Beda peke yake.

"Hii ni dakika ya ngapi?" Nassir aliuliza.

"Ya tano," Yusrah alijibu.

"Bado anaendelea?"

"Bado."

Ya pili ilikuwa wimbo wa kuiga, alioudaka Beda zamani kwenye redio ya gari la watalii. Yusrah alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama. "Hapa unaimba lugha gani, mzee?"

"Kiingereza."

Yusrah aliandika kitu kwenye daftari, kisha akakifuta kwa adabu.

Kufikia kaseti ya saba Beda alikuwa amevua koti. Alikuwa amegundua kwamba sauti iliyokaa kichwani mwake miaka yote hiyo na sauti iliyomo kwenye tepu hazikuwa na undugu wowote. Ndipo Nassir akaweka ya nane, iliyoandikwa "majaribio" tu.

Ulisikika mlango ukifungwa, na Nassir wa ujanani akisema, "Kaenda kutia mafuta kwenye jenereta." Halafu besi ikaanza, taratibu, na Hildegarda akaimba. Ulikuwa wimbo wa bibi yake wa Vidunda, wa kuamia mahindi yasiliwe na nyani. Nassir alimfuata kwa ngoma kama mtu anayetembea pembeni ya mwenzake bila kumgusa. Sauti ya Hildegarda ilikuwa kavu, haina madaha, na ilipopanda, vinyweleo vya mikono ya Beda vilisimama.

Mlango ukafunguliwa, sauti ya Beda ikaingia juu ya wimbo: "Futeni hiyo. Tepu si za kuchezea."

Dukani Nassir aligeuka kupanga bearingi zilizokwisha kupangwa.

"Irudishe, tafadhali," Yusrah alisema. Waliusikiliza mara tatu. Kisha akafunga daftari. Huo ndio aliotaka kuutoa, Hildegarda mwenyewe akikubali.

Beda alikohoa. "Jenereta lilikuwa langu," alisema.

"Lilikuwa la parokia," Nassir alimkumbusha.

Nassir alikuwa na namba ya Hildegarda, lakini Beda alisema ataenda mwenyewe. Alilala Mikumi, na kesho yake, baada ya misa, alipanda bodaboda hadi Kidodi, akila vumbi nyuma ya lori la miwa. Alimkuta barazani akichambua mchele. Siku hizi aliitwa Mama Vaileth, alikuwa na ekari sita za miwa na miwani ya kusomea. Alimkaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani, ndipo Beda akamchezea wimbo kwenye simu. Aliusikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa ule ule.

"Ulisema futeni."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Njiani Beda alikuwa ametunga majibu matatu, na katika mawili kosa lilikuwa la Nassir. Yote yalimtoka kichwani. "Ulikuwa mzuri," alisema, "na mimi sikuwemo."

Hildegarda aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa uani. "Hilo nililijua siku ile ile," alisema. "Nilikuwa sijui kama na wewe unalijua."

"Nisamehe, Hilda."

"Nimeshakusamehe, nina miwa ya kuwaza. Mwambie huyo binti autoe. Ila sauti yako asiikate."



Wimbo ulitoka mwezi uliofuata. Haukuitikisa dunia, lakini ulisikilizwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kukanyaga maonyesho ya Matuta, wakiwemo walioingia kukwepa mvua. Mama mmoja wa Mabwerebwere mwenye sinki lililoziba alimpigia Beda, na kabla hajataja sinki akauliza, "Wewe ndiye yule wa futeni hiyo?"

"Ndiye mimi," Beda alisema. "Maji yanapita kidogo au yamesimama kabisa?"

Kisha Yusrah akawaalika wapige Morogoro, na Hildegarda akakubali. Walifanya mazoezi Jumapili mchana uani kwa Nassir, katikati ya matairi. Hildegarda alimwonyesha Beda sehemu ya gitaa: noti chache sana, zenye nafasi ndefu katikati. Beda alikosea mara nne, maana zile nafasi vidole vyake vilitaka kuzijaza. Mara ya tano alijizuia, akasimama ameshika nyuzi, akimsikiliza Hildegarda anavyoimba, mpaka zamu yake ilipofika akachelewa kuingia.

"Umelala?" Nassir aliuliza kutoka kwenye ngoma.

"Nilikuwa nasikiliza," Beda alisema, na wakaanza upya.