Karte ya Yaya

Kiptoo ni Mkalenjin asiyejua kukimbia. Nimemwambia hivyo usoni mara nyingi, naye hucheka tu, kwa sababu ni kweli. Huyo ndiye kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya wanafunzi wa Flemingsberg, na ukimwona akipanda ngazi huwezi kuamini kwamba anaweza kumfundisha mtu jambo lolote linalohusu miguu. Mimi naitwa Theresia, mzaliwa wa Bukoba, nakaa Bredäng, na kazi yangu ni ukalimani wa simu: Kiswahili kwenda Kiswidi, Kiswidi kurudi Kiswahili. Mpira siujui. Lakini Desemba iliyopita, kama ulikuwa mtu wa Kiswahili hapa Stockholm na hukusema "timu yetu", basi ulikuwa na roho mbaya, samahani.

Maana wale vijana hata hawakualikwa. Mashindano ya vyuo ya Krismasi huchukua timu nane, na yetu iliitwa siku mbili kabla ya sikukuu, baada ya chuo kingine kujitoa kwa sababu ya mafua. Tulikuwa na wachezaji wanane, na fulana za kuazima, mbili zikiwa na namba moja, ikabidi mmoja abandikwe plasta ya hospitali mgongoni. Nusu yao wanasomea uuguzi. Yupo Jibril, anayefunga miwani yake kwa lastiki. Na yupo Dieumerci, mtoto wa rafiki yangu Kahindo, mwembamba, mkimya, mikono mirefu utadhani na yenyewe kaiazima kwa mtu.

Mechi ya kwanza, tarehe ishirini na nane, walishinda kwa pointi moja. Nikasema ni bahati. Kesho yake kwenye nusu fainali wakapangiwa mabingwa wa miaka mitatu mfululizo, majitu ya mita mbili kwenda juu. Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa, na mimi nilikuwa nimeshavaa koti niondoke. Kisha Dieumerci akaamka. Anatupa kutoka mbali, inaingia. Wanamkaba wawili, anapenya, inaingia. Sekunde za mwisho miwani ya Jibril ikaanguka, akautupa mpira kule alikodhani kikapu kipo, na Mungu si Athumani, kikapu kikawepo. Nilipiga vigelegele mpaka mzee mmoja wa Kiswidi aliyekaa mbele yangu akaziba masikio.

Kahindo hakuwepo. Kahindo hufanya usafi hospitalini, ng'ambo ya barabara tu kutoka chuoni kwa mwanawe, lakini zamu ni zamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtumia sauti kwenye simu: "Amefunga! Amefunga tena!" Naye anasikiliza chooni, ufagio mkononi. Miaka yote ambayo mtoto yule amecheza, mama yake hajawahi kumwona hata dakika moja. Jumamosi yuko kazini, Jumapili yuko kazini, jioni yuko kazini. Kwa ajili ya fainali alimwangukia Josiane, mwenzake wa kazi, akakubali kumfanyia zamu za mkesha wa Mwaka Mpya na sikukuu yenyewe, ili apewe siku moja hiyo tu, tarehe thelathini. "Dada Theresia," aliniambia kwenye treni, "leo nitamuona kwa macho yangu. Ata kama wanapigwa, nitamuona."

Alikuwa amevaa kitenge kipya juu ya suruali ya baridi, na koti juu ya kitenge, na akalivua koti mara tulipoingia ukumbini ili mwanawe akitupa jicho amwone. Tukakaa safu ya pili. Saa nane kasoro vijana wakatoka kupasha misuli. Dieumerci akamwona mama yake. Hakupunga mkono, si mtoto wa mambo hayo, ila alitupa mpira mara tatu na mara zote tatu ukaingia, nami nikamfinya Kahindo paja.

Hapo ndipo bwana wa mashindano, aliyekuwa kwenye meza ya waamuzi na kompyuta yake, akainuka. Akamwendea Dieumerci akampa mkono, akamwambia, "Grattis!" Yaani hongera. Mimi nikadhani ni hongera ya jana. Kisha nikaona Kiptoo anakuja mbio, Kiptoo huyohuyo, na uso umemshuka. Akatuita tushuke.

Bwana yule alikuwa mpole. Nasema hivyo kwa hasira. Alitueleza taratibu, kama daktari. Mashindano haya ni ya vijana wasiotimiza miaka ishirini na tatu. Umri huhesabiwa siku ya mchezo. Siku ya mchezo! Si siku ya kuanza mashindano, kama wanavyofanya watu wenye akili zao. Jana Dieumerci alikuwa na ishirini na mbili, leo kompyuta imemwonyesha kwa rangi nyekundu: amezaliwa tarehe thelathini Desemba, ametimiza ishirini na tatu. Hongera, na hachezi.

"Ala!" nikamwambia kwa Kiswidi. "Alipolala na alipoamka ni mtu yuleyule!"

"Nakuelewa kabisa," akajibu. Waswidi hukuelewa kabisa huku wakikunyima.

Kiptoo akabembeleza, akataja roho ya michezo, akapendekeza waulizwe wapinzani. Wapinzani wakaulizwa. Kocha wao akasema wao hawana kinyongo, lakini sheria ni sheria. Nikamkalimania Kahindo yote, neno kwa neno, kama kazini. Naye akawa anatikisa kichwa tangu niliposema tarehe.

"Hapana," akasema. "Leo haiko siku yake. Dieumerci alizaliwa mwezi wa tano. Ana miaka makumi mbili. Umuambie huyu baba."

Nikamwambia. Akatuonyesha skrini. Akasema kama mamlaka zimekosea, mamlaka zitarekebisha, yeye hana uwezo. Nikamgeukia Dieumerci, nikidhani atasema neno. Akavua fulana yake ya kuazima, akampa kijana wa akiba, akavaa jaketi. "Det är lugnt, mamma," akamwambia mama yake, yaani hakuna shida. Watoto wetu wakiumia husema Kiswidi.

Basi tukarudi kukaa. Ungefanyaje? Watu wazima wawili na shahada yangu ya chuo kikuu, na hatukuweza kumsogeza mtoto mmoja hatua nne kutoka benchi mpaka uwanjani. Mechi ikaanza bila yeye na ikawa vile ambavyo ungetarajia. Jibril alikuwa anatafuta wa kumpa pasi, anamtafuta mtu ambaye hayupo. Tulifungwa, nisikufiche; mwisho wa yote tulifungwa kwa pointi thelathini na moja. Kahindo hakuangalia mchezo. Aliangalia benchi.

Ilipofika mapumziko nikamuuliza. Nilitaka kumlaumu mtu, na nilidhani nitapata wa kumlaumu. "Kahindo, hii tarehe mliitoa wapi? Nani aliwaandikia uchafu huu?"

"Tarehe ni ya yaya yake," akasema.

Nimekaa na Wakongo miaka mingi. Najua kwamba kwao yaya ni kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa, tofauti na kwetu, ambako yaya ni msichana wa kazi anayelea mtoto. Tumeshawahi hata kutaniana kanisani kwa neno hilo. Kwa hiyo nilielewa, nikamwambia aendelee.

"Tulipofika huku, miaka kumi sasa, waliniomba karatasi za mutoto. Yake haikukuwako. Nilikuwa na karte moja tu, ya ubatizo, ya Paluku wangu. Ule ndiye wa kwanza, yaya ya Dieumerci. Mvua ilikuwa imefuta jina, ilibakia tarehe na jina yangu mimi. Sikuitoa juu ya Dieumerci. Niliitoa ili waone nilizaa wawili, wamuandike na Paluku kwa mukanda yao, kwa karatasi zao, asipotee bure. Kulikuwa mama mumoja wa kutafsiri, kwa telefone, Mutanzania. Nikamuambia, hii karte ni ya yaya. Akasema na ule mukubwa Kiswidi, Kiswidi. Kisha akaniuliza, 'Kumbe mama, mlikuwa na yaya?' Nikajibu ndiyo, tulikuwa naye, alikufia kambini. Wakaandika. Kufika nyumbani, mutoto wa jirani ananisomea karatasi: Dieumerci, tarehe ya Paluku. Niliandikisha barua tatu. Wanajibu, leta ushahidi."

Nikaacha kutafuta mtu wa kumlaumu.

Kwa sababu mkalimani haruhusiwi kuuliza swali lake mwenyewe. Ni sheria ya kwanza tunayofundishwa: sema kilichosemwa, usiongeze, usipunguze. Na mimi katika miaka yangu yote nimeivunja mara moja tu, mwezi wangu wa kwanza kazini, nikiwa kwenye chumba cha kupanga Rinkeby, simu sikioni na kikombe cha chai mkononi. Mama mmoja kutoka Kongo alisema kadi ya ubatizo ni ya yaya. Nikamwambia ofisa kwamba kadi ya mtoto ilikuwa ikitunzwa na mfanyakazi wao wa ndani. Ikanishangaza. Mkimbizi, na yaya! Ulimi hauna mfupa, ukaniponyoka: Kumbe mama, mlikuwa na yaya? Ofisa akataka kujua yuko wapi mfanyakazi huyo, nikasema amefariki. Akaandika tarehe ya kadi kuwa ya mtoto. Jioni nikamsimulia niliyekuwa naishi naye, tukacheka, tukasema kumbe Kongo kuna matajiri.

Simu zile hazina jina wala sura. Mkalimani ni namba. Kahindo nilikuja kukutana naye baadaye sana, kwayani, akaniazima kitabu cha nyimbo.

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, nilitamani kunyamaza, na mdomo wangu huu ambao haujawahi kunyamaza maisha yake yote ulikuwa tayari kunisaidia. Lakini alikuwa amekaa pale na kitenge chake kipya, akimwangalia kijana mwenye jaketi.

"Kahindo," nikasema, "yule mama wa simu ni mimi."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza neno, kwetu ni hivi na kwenu ni vile, nikamweleza nilivyomwambia ofisa. Nilikuwa naongea haraka, nalia, natoa maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Nikamwambia nitaandika barua, nitakwenda mwenyewe, nitaapa mbele yao. Hata wakati nayasema hayo nilijua watakavyonijibu: una ushahidi gani wa ulichosema kwenye simu miaka kumi iliyopita?

Kahindo akainua mkono, ninyamaze.

"Uliwaambia Paluku alikuwa nani?"

"Sikujua kama ni Paluku. Nilisema... mfanyakazi. Wa nyumbani."

"Boyi," akasema.

"Kahindo, nisamehe."

"Mutoto yangu wa kwanza. Nilimubeba mugongoni mpaka Uganda, alikuwa mukubwa, miguu yake ilikuwa inagusa chini. Na wewe uliwaambia alikuwa boyi yetu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Watu walikuwa wanapita na kahawa na mikate yao ya mdalasini, muziki unapigwa, vijana wa timu nyingine wanapasha misuli. Dieumerci alitugeukia mara moja kutoka benchi, akaona tunalia, nadhani alifikiri tunamlilia yeye.

Kisha Kahindo akafuta uso kwa pindo la kitenge. "Enda kwa ule baba," akasema. "Simuombi aingize mutoto, mechi ilishaharibika. Umuambie tu huyu wa tarehe ya leo anaitwa Paluku. Alikuwa mutoto yangu. Umuambie vizuri."

Nikashuka. Bwana wa mashindano alikuwa anatafuna tufaha. Nikamwambia kwa Kiswidi, na sijawahi kusema Kiswidi kizuri kama kile: kwamba mtoto aliyezaliwa tarehe hiyo si yule aliyekaa benchi, ni kaka yake, jina lake Paluku, alikufa kambini kabla familia haijaja, na kwamba kosa la kuwachanganya ni langu mimi, mkalimani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaweka tufaha chini. "Tyvärr," akasema, yaani kwa bahati mbaya, neno ambalo hapa hata mashine ya tiketi hukuandikia. Akaongeza kwamba robo ya tatu inaanza, kama ningeweza kutoka kwenye mstari. Filimbi ikalia.

Nikapanda ngazi. Kahindo alikuwa ameliondoa koti langu kwenye kiti kilichokuwa karibu naye na kuliweka kwenye kiti cha mbali kidogo.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Amesema pole."

"Ni yeye anasema," akauliza, "ama ni wewe?"