Mguu wa Nyuma

Kocha Fello alikuwa na neno moja tu, na nilishalichukia. "Pakia, Deyanira. Pakia mwili." Yaani niukusanye uzito nyuma kabla ya kupiga. Nikirudi nyuma, anasema nimerudi mno. Nikitulia, anasema nimelala. Alhamisi ile nilipiga mipira arobaini, yote ikatambaa chini hadi miguuni kwa mrushaji, na Jumamosi walikuwa wanakuja wateuzi wa timu ya taifa ya besiboli ya wanawake. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nikikosa safari hii, basi tena.

"Wewe unapiga vifuniko," akaniambia, akisugua goti lake bovu. "Hupigi mpira."

Aliniudhi kwa sababu ni kweli. Sisi wa San Pedro tumekulia uchochoroni, mti wa ufagio mkononi, tukipiga vifuniko vya madumu ya maji. Kifuniko ni chepesi na kinayumba; ukiwa na mikono ya haraka umekiweza. Mpira una uzito wake, na mikono peke yake hauiogopi.

Ijumaa asubuhi nilikaa kizingitini nimenuna. Shangazi Chea akanisukumia ndoo kwa mguu.

"Kama umeamua kukaa hapo kama gunia, angalau nimwagie maji hilo vumbi la barabarani."

Nikarusha. Nusu ya maji yaliniangukia viatuni.

"Ndiyo maana mume alikukimbia," akasema.

"Mume nilimfukuza mimi, shangazi."

"Basi yeye ulimrusha vizuri. Lete hapa."

Akaijaza ndoo tena, akaivuta nyuma ya nyonga, akaukalia mguu wa kulia kama mtu anayetafuta kiti. Kisha nikaona nilichokuwa nikiambiwa miezi minne. Nyonga yake ilitangulia kugeukia barabara huku ndoo ikiwa bado nyuma. Kwa kitambo kidogo mwili ulivutana wenyewe kwa wenyewe, halafu mikono ikafuata, na maji yakavuka barabara yakalowesha ukuta wa jirani. Mwanamke ana miaka sitini na tisa na hajawahi kushika gongo la mpira maishani mwake.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini? Mwenye kazi ni wewe."

Nilirusha ndoo hadi saa sita. Kwenye ndoo ya tisa hivi niliisikia nyonga ikitoka kabla ya mikono. Jirani Bienvenida akauliza kama tunapanda mpunga barabarani. Nikajaza ndoo nyingine. Nilikuwa na furaha hata aibu sikuiona.

Jumamosi, mpira wa kwanza niliukosa. Mikono ilikimbilia mbele kwa mazoea. Wa pili ukatoka nje ya mstari. Nikavuta pumzi, nikauacha uzito wote ukae kwenye paja la kulia, nikapiga hatua kwa mguu wa mbele na mikono nikaichelewesha. Mpira ukampita juu mchezaji wa mbali kabisa, ukagonga uzio. Uliofuata nao vilevile.

Mteuzi mmoja akanisogelea na daftari. "Miaka mingapi?"

Kwetu kila mchezaji ana umri wa aina mbili: anaoujua mama yake na anaoambiwa mteuzi. Nilikuwa nimeandaa ishirini na sita, na kocha Fello alikuwa ananikonyeza. Lakini mwili ule ulihitaji miaka yote ile kufika pale, nikaona uchungu kuupunguzia hata mmoja.

"Thelathini na moja."

Akanitazama, akautazama uzio, akaandika.

"Jumatatu, saa moja asubuhi, kambini Santo Domingo. Kwa umri huo huna kisingizio cha kuchelewa."